Bunia: Padi za biti zinaingia Saio, lakini ngoma ya nani inalia ndani yake?

Kurekodi wimbo mjini Bunia hakuombi tena lazima kwenda kulipa saa moja katika studio ya mtu. Katika kartie Saio, kama vile Lumumba, Bankoko ao Mudzipela, chumba kimoja, ordinatere ya kubeba, mikro na kaske ya masikio vinatosha kwa kuanza. Kisha hapo, mashini ambayo kijana wa biti anaitamani ni ile wanayoita padi: kibao kidogo chenye vifungo 16 vya mpira, vimepangwa 4 kwa 4, ambavyo mtu anapiga na vidole kama vile anavyopiga ngoma ku meza ya shule.

Wengi wanashangaa siku ya kwanza. Mtu anafungua karto, anaunganisha kabo, anapiga: kimya. Anafikiri ameuziwa mashini iliyokufa. Kumbe padi haina sauti hata moja ndani yake. Kazi yake ni kutuma habari: kifungo gani kimepigwa, na kwa nguvu gani. Ordinatere njo inatoa sauti. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye padi ni hili: ndani ya ordinatere yake kuna sauti gani, na zinatoka wapi? Kwa Ituri ya leo, swali hilo haliko la vijana wa biti peke yao.

Lugha ambayo padi inazungumza na ordinatere inaitwa MIDI. Watengenezaji wa vyombo vya muziki waliipatana mwaka wa 1983, na inatumika mpaka leo. Miaka 5 kisha, mwaka wa 1988, Mmarekani Roger Linn pamoja na kampuni ya Akai ya Japani walitoa mashini yenye vifungo 16 iliyoitwa MPC60. Ile ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe, kama sekunde 13 tu za sauti, na kwa sekunde hizo 13 vijana wa hip-hop wa Marekani walifanya kazi kubwa. Padi za bei ndogo zinazoingia Bunia leo zimeiga sura ya mashini ile, lakini tumbo lake ni tupu.

Padi ya kawaida ya vifungo 16 inauzwa karibu dola 100 katika maduka ya nje. Ili ifike Bunia ni habari ingine. Tangu M23 ichukue Goma mwezi wa kwanza wa 2025 na uwanja wa ndege wa kule kufungwa, vitu vingi vya elektroniki vinapitia Uganda: Kampala, kisha Mahagi, ao ziwa Albert mpaka Kasenyi, ao Kasindi na barabara ya Beni na Komanda. Kila barabara iko na bariera zake, na ile ya Djugu kila mtu anaijua. Kwa hiyo mwenye padi mbaya hawezi kuirudisha dukani. Ni vizuri kuijaribu mbele ya muuzaji: vifungo vyote 16, kimoja kimoja, polepole na kwa nguvu. Kifungo ambacho kinaomba kupigwa kama msumari ndipo kisikie, ao ambacho kinaamsha jirani yake, hakitapona nyumbani.

Na nyumbani kuna jambo la umeme. Bunia inategemea kwa sehemu kubwa bwawa la zamani la Budana kwenye mto Shari, lililojengwa wakati wa ukoloni ju ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Wakaaji wanajua umeme ule unakuja namna gani. Ndiyo sababu hesabu ya kijana wa Saio inaanzia kwenye pano ya jua na batri. Padi yenyewe haili kitu: inachukua kwa kabo ya USB wati 2 na nusu, si zaidi. Ordinatere njo inakula, karibu wati 40 ikiwa inafanya kazi. Batri ya volti 12 na ampere 100 inabeba wati-saa 1200, lakini kama ni ile ya asidi haipashwi kushuka chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Inabaki 600, na konvertisere inapoteza kidogo njiani. Hiyo ni karibu saa 12 za kazi. Pano moja ya wati 100, jua likiwaka vizuri saa 4 ao 5, hairudishi zote kwa siku moja. Wakati wa mvua ni chini tena. Mwenye hesabu hii hataahidi watu nyimbo 5 kwa juma.

(Katika Swahili ya Bunia neno ni moja: batri ya umeme na batri ya kupiga kanisani. Yule aliye na zote mbili ndani ya chumba kimoja anapashwa kueleza kila mara.)

Konvertisere za bei rahisi zinaleta ubaya mwingine: mlio kama wa nyuki unaoingia ndani ya mikro. Dawa yake haina bei. Wakati wa kurekodi sauti ya mtu, toa sharjeri na uache ordinatere ifanye kazi kwa batri yake. Rudisha sharjeri kisha.

Kuunganisha padi hakuombi ujuzi mkubwa. Padi nyingi za USB zinatambuliwa na Windows bila kuongeza kitu. Ndani ya programu ya muziki, mtu anafungua ukurasa wa mipango, anatafuta sehemu ya vyombo vya MIDI, anaona jina la padi na kuikubali. Hapo watu wengi wanatumia programu za wizi zilizokopiwa ku kadi-memwari, ambazo mara nyingi zinabeba virusi na kuua kazi ya miezi. Njia safi ipo: LMMS ni ya bure kabisa. Reaper inaachia mtu siku 60 za kujaribu, na ruhusa ya mtu binafsi ni dola 60. Asiye na ordinatere anaweza kuanza na telefone ya Android kwa kabo ya OTG, ingawa telefone zingine hazina nguvu ya kulisha padi.

Tatizo ambalo linakatisha watu moyo zaidi ni kuchelewa kwa sauti. Mtu anapiga, sauti inakuja kisha, kama mwangwi wa mlima. Anasema padi ni mbaya, kumbe ni mipango ya ordinatere. Programu inakusanya vipande vidogo vya sauti mbele ya kuvitoa, na ukubwa wa fungu hilo, wanaloita bafa, mtu anauchagua mwenyewe. Bafa ya vipande 1024, kwa mwendo wa vipande 44,100 kwa sekunde, peke yake inachelewesha sauti milisekunde 23. Kwa 256 ni karibu 6. Kwa 128 ni 3. Anayepiga anapashwa kushuka mpaka 256 ao 128. Kisha, wakati wa kuchanganya wimbo, anarudi juu ili ordinatere isichoke. Kwenye Windows isiyo na kadi ya sauti ya nje, programu ndogo ya bure ASIO4ALL inasaidia sana. Na kaske zisizo na kamba, zile za Bluetooth zinazouzwa kila ligablo, ziwekwe pembeni: mara nyingi zinachelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mpango wa bafa utakaoziponya. Kaske ya kamba, hata ya bei ndogo, inazishinda kwa kazi hii.

Tena kuna nguvu ya kidole. Padi inapima kila pigo kwa namba kutoka 1 hadi 127. Padi nyingi ziko na kifungo kinachofanya kila pigo litoke 127, na vijana wanakipenda ju biti inasikika nzito. Inasikika pia kama mashini ya kusaga muhogo. Mpiga ngoma wa kweli hapigi mapigo mawili sawasawa. Heri kuzima kifungo kile na kuzoesha vidole.

Mpaka hapo ni fundi. Sasa sauti zenyewe.

Mtu akitafuta sauti za kujaza vifungo 16, intaneti inampa nyingi za bure: drill ya London, trap ya Atlanta, amapiano ya Johannesburg, afrobeat ya Lagos. Mafungu hayo yako tayari, safi, na yamepangwa kwa namba za General MIDI za mwaka 1991: 36 ngoma kubwa ya mguu, 38 kesi-kleri, 42 sharlestoni iliyofungwa, 46 iliyofunguliwa. Kwa mega chache kazi inaanza. Hakuna ubaya kupenda muziki wa wengine. Kartie Saio yenyewe inabeba jina la mji wa Ethiopia ambako askari wa Force Publique waliwashinda Waitaliano mwezi wa saba 1941. Lakini matokeo yanasikika: biti ya Bunia, ya Arua na ya Kampala zinafanana kama sahani za karto moja, na hata wimbo unaoimbwa kwa Kiswahili cha hapa juu ya mambo ya hapa unatembea kwa miguu ya mahali pengine.

Wakati huo huo, sauti za Ituri ziko mbali sana na Ituri. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita hapa na mashini zake akirekodi waimbaji na wapiga ngoma kandokando ya pori la Ituri. Kazi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka wa 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Katika miaka hiyo ya 1950 Mwingereza mwingine, Colin Turnbull, alirekodi Wambuti, na disk zikatoka Marekani. Mwaka wa 1977 Wamarekani walipotuma angani vyombo viwili vya Voyager, waliweka ndani yake sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia, ili kama kuna kiumbe kule mbali asikie. Kati ya sauti hizo kuna wimbo wa wasichana Wambuti wa kuingizwa utu uzima, uliorekodiwa na Turnbull. Sekunde 56. Zimevuka mipaka ya sayari zote, lakini haziko kwenye simu ya kijana wa Saio anayetafuta biti.

Na pale sauti za namna hiyo zilipoingia kwenye biashara, faida ilikwenda kwingine. Mfano unaojulikana unatoka kwa ndugu za mbali za Wambuti, Ba-Benzele wa Afrika ya Kati, ambao miaka ya 1960 walirekodiwa wakipuliza filimbi ya sauti moja na kuijibu kwa kinywa. Mwaka wa 1973 bendi ya Mmarekani Herbie Hancock iliiga mtindo huo kwa kupuliza chupa ya bia mwanzoni mwa wimbo "Watermelon Man". Mwaka wa 1994 Madonna akatumia kipande cha wimbo huo wa Hancock katika "Sanctuary". Jina la Hancock liliandikwa kati ya watunzi. Wapuliza filimbi hawakuandikwa popote.

Kwa Ituri jambo hili lina haraka ingine. Tangu vita vilipoanza upya mwishoni mwa 2017 katika Djugu, kisha Irumu na Mahagi, vijiji vingi vimetupu. Ngoma haibebwi wakati wa kukimbia. Mtu anabeba mtoto, sufuria na blanketi kama amebahatika. Wazee waliojua mapigo ya ndoa, ya kilio, ya mavuno, leo wengi wako katika site za wakimbizi wa vita, kama Kigonze hapa Bunia, mbali na chombo na mbali na sherehe zilizowafanya kupiga. Hata site hazikuwa salama zote: usiku wa kuamkia 2 Februari 2022, katika Plaine Savo, watu zaidi ya 50 waliuawa. Mapigo hayakuandikwa popote. Mzee akifariki, anaondoka nayo.

Hapo njo padi inaweza kufanya kitu ambacho makala na semina hazikufanya. Kifungo tupu kinakubali sauti yoyote. Ngoma ya ngozi, agwara za Waalur, adungu, likembe, ngoma ya mti isiyo na ngozi, makofi ya mama watatu: vyote vinaweza kuwekwa chini ya kidole, na telefone ya kawaida inatosha kwa kuvichukua. Telefone iwekwe umbali wa mkono mmoja ao miwili toka ngoma, si karibu kabisa, la sivyo sauti inapasuka. Chumba chenye nguo na godoro ni bora kuliko chumba kitupu cha bati. Gurupe za majirani ziwe zimezimwa. Asubuhi mapema ni vizuri. Mpiga ngoma apige pigo moja, aache sauti ife kabisa, kisha lingine: katikati, pembeni, kwa kiganja, kwa vidole, kwa fimbo, kila moja mara 5 ao 6, polepole na kwa nguvu. Faili ziwe za WAV, na zisipitishwe kwa sauti za WhatsApp, ju zinabanwa na kupoteza uzito wa chini. Kisha ndani ya programu, kila pigo likatwe pale hasa linapoanza. Ukiacha kimya kidogo mbele yake, kuchelewa kule ulikokuponya kwenye bafa kunarudi kwa mlango mwingine.

Wengi wanafanya hayo yote, kisha wanashangaa ngoma ya nyumbani inasikika kama imelewa. Sababu ni mistari ya programu. Programu nyingi zinafunguka zikiwa zimegawanya kipimo kimoja katika hatua 16, mara nne nne. Mapigo mengi ya huku yanatembea kwa hatua 12, mkono mmoja ukihesabu tatu na mwingine mbili. Ukiyaweka ndani ya hatua 16 na kubonyeza kile kifungo cha kunyoosha, programu inayasukuma kwenye mistari isiyo yake, na ngoma inakufa. Inafaa kubadili kipimo kuwa 12/8 mbele ya kurekodi, ao kuzima kunyoosha kabisa na kumwachia mpigaji. Ni kitu cha sekunde 10, lakini hakuna fungu la bure la intaneti litakalokukumbusha.

Kisha inabaki sehemu ngumu kuliko zote, na haiko ya fundi. Ngoma katika Ituri iko na mwenyewe. Pigo fulani linajulikana ni la kabila fulani, na kuna mengine ya ukoo, ya kifo, ya siri, ambayo hayapigwi ovyo. Katika jimbo ambalo liko chini ya hali ya dharura tangu 6 Mei 2021, na ambalo lugha ya wimbo peke yake inaweza kumfanya msikilizaji aulize mwimbaji yuko upande gani, kuchukua ngoma ya watu bila ruhusa na kuiweka chini ya maneno ya hasira ni kuchezea moto. Kinshasa pia inaangalia nyimbo: mwezi wa 11 wa 2021 tume ya kuchuja nyimbo ilikataza wimbo wa kundi la MPR na ule wa Bob Elvis, na kelele za watu zikawa kubwa.

Ruhusa, basi, iombwe mbele. Mzee aulizwe pigo hili ni la nini, na kama linaweza kutoka nje. Akisema hapana, hapana yake iheshimiwe hata kama pigo ni tamu. Akisema ndiyo, jina lake, kijiji na tarehe viandikwe palepale kwenye jina la faili, ju kisha miezi 6 hakuna atakayekumbuka. Alipwe kitu siku ileile, na karatasi moja isainiwe, na shahidi, ikisema wimbo ukileta makuta mgawanyo utakuwa namna gani. Sheria ya haki za watunzi ipo tangu 5 Aprili 1986, na SOCODA, shirika la kukusanya haki hizo, lipo tangu 2011. Lakini mtunzi wa Bunia anayengoja makuta kutoka Kinshasa anajua urefu wa kungoja kule. Karatasi ya nyumbani, ingawa ndogo, inasomeka mbele ya chefu wa kartie.

Kuna vijana watakaosema: nani Bunia atacheza biti ya ngoma ya kijijini? Swali ni la haki, na jibu si la uhakika. Anayelipa biti leo mara nyingi anataka ifanane na ile aliyosikia kwenye TikTok, na mwenye padi anapashwa kula. Lakini hakuna anayemkataza kuweka fungu la London kwenye vifungo 12 na kubakiza 4 vya chini kwa ngoma aliyoirekodi Kigonze siku ya posho. Karibu kila padi iko na kurasa zaidi ya moja. Ukurasa wa pili unaweza kuwa wa hapa mtupu. Faili 30 ao 40 za WAV za mapigo mafupi hazijazi hata mega 20. Zinaingia kwenye kadi-memwari ndogo kuliko zote sokoni, na nakala ya pili inaweza kubaki kwa mpiga ngoma mwenyewe, kwenye simu ya mjukuu wake.